Kesi ya Sungura wa Kulusum

Kijiwe chetu pale Kisenyi, Kampala, kilikuwa kiti cha nyuma cha basi. Basi lenyewe lilikufa zamani, likachinjwa kwa spea, na hicho kiti tukakiegemeza kwenye mabati ya gereji, mkabala na mlango wa Kulusum muuza kahawa. Springi mbili zilikuwa zimetoboa ngozi katikati, kwa hiyo wenyeji tulikaa pembeni, katikati tukamwachia mgeni. Mwaka wenyewe ni sabini na saba. Sukari hakuna, sabuni hakuna, chumvi unainunua kwa kunong'ona, na watu watatu wakisimama pamoja wanaangaliwa. Sisi tulikaa wanne, kila siku kuanzia saa tisa, na anayetaka kutuangalia atuangalie. Kulikuwa na Breki, jina lake Mumbere, Mkonjo wa Kasese, dereva wa lori ambalo halikuwa na hicho kitu alichoitiwa. Kulikuwa na Redio, yaani Khisa, fundi wa redio, aliyesikiliza stesheni za nje akatuletea habari zikiwa zimenenepa njiani. Kulikuwa na Daktari, ambaye ni Bisimwa, fundi cherehani kutoka Bukavu. Aliwahi kushona mashuka ya hospitali huko kwao, na tangu hapo hakuna ugonjwa asioujua. Na mimi, Spana, fundi wa gereji, mtu wa hasira za karibu, wao wanasema. Mimi nasema ni wao wanaonichokoza. Siku hiyo tulikuwa na kesi ya kifo, na mshitakiwa alikuwa sungura.

— Tumchinje leo, alisema Breki. Tukingoja kesho atakuwa amekonda, tutakula masikio.

— Ngoja hukumu, nikamwambia. Au na sisi tumeanza kuua bila kesi?

Wote wakatazama barabarani kwanza. Hakuna mtu. Ndipo wakacheka.

Mshitakiwa alikuwa jike jeupe la Kulusum. Nyama buchani ilikuwa imeshakuwa hadithi, na nusu ya Kampala ilikuwa ikifuga sungura chini ya vitanda. Kulusum, mjane wa Kinubi, mfupi wa kimo na mkubwa wa sauti, yeye aliwafuga hadharani, kwenye kibanda cha mbao pembeni ya mlango wake, hatua sita kutoka kiti chetu. Huyo jike alikuwa amezaa siku nne nyuma: vitoto vitano, vyekundu, vipofu, havina hata unyoya. Na tangu azae, hakuna aliyemwona akinyonyesha, hata mara moja. Yeye upande wake anatafuna majani, vitoto upande wa pili ndani ya shimo la nyasi, utadhani hawajatambulishwa. Kulusum akatuomba tumwamulie: pale ana mama, au ana kitoweo?

Redio ndiye aliyeleta wazo la zamu. Siku mbili nzima, kuanzia asubuhi mpaka jua linazama, mmoja wetu alisimama mbele ya kile kibanda akimkodolea macho yule sungura, asikose kitu. Na mimi nilikaa zamu yangu. Nalisema waziwazi, kwa sababu baadaye niliona aibu.

— Taarifa, alisema Redio, akisimama kama askari. Jana: hakunyonyesha. Leo: hakunyonyesha. Amekunywa maji mara nane, amejikuna mara sitini, amekunya...

— Hayo yaache, alisema Kulusum, birika mkononi. Watu wanakunywa kahawa.

— Nasoma ilivyo.

— Soma ya juu tu.

Daktari akakohoa. Daktari akikohoa hivyo ujue mgonjwa amekwisha.

— Miye nitabaeleza. Batoto ba sungura habanywi maziwa juma la kwanza. Haiko maziwa. Mliona mama alijinyonyoa manyoya ya tumbo, akabapangia kule ndani?

— Tuliona.

— Njo chakula yao.

— Manyoya?

— Njo uji wao. Laini, moto, inaingia pole pole.

— Daktari, nikasema, wewe ulipozaliwa ulipewa blanketi ule?

— Spana, wewe ni mutu ya vyuma. Mambo ya tumbo unaachia bantu ba tumbo.

— Hapana, hapana, alidakia Redio. Nyote hamjui. Juzi nilisikia kwenye stesheni moja...

— Stesheni gani?

— Usiniulize gani, hapa ni barabarani! Walisema sungura hunyonyesha kwa pumzi. Anapuliza, pua kwa pua. Mtazame pua yake. Umeona inavyochezacheza? Haitulii asubuhi, haitulii jioni. Ile ni pampu.

— Banange! alisema Breki. Pampu!

— Pampu.

— Basi mbona yuko mbali nao? Anawapulizia kwa waya?

Redio akaona anazidiwa, akanywa kahawa yake kwa kelele ili apate nafasi. Breki akaichukua hiyo nafasi.

— Mimi naona mnamlaumu mtu asiye na kosa. Kwa sungura, mama ni yule dume. Jike anazaa, dume ananyonyesha. Nilibeba sungura mia mbili kutoka Mbarara, nikaona kwa macho yangu.

— Ulikuwa unaendesha au unawatazama sungura?

— Breki sina, Spana. Nikiangalia mbele ndiyo naogopa zaidi.

Akainuka, akafungua kibanda cha juu, akamtoa dume, akamgeuza chali mapajani mwake, akaanza kumpekua kifuani kwa vidole viwili. Dume likamchana mkono. Sote tukasogea.

— Chuchu zipo?

— Hazionekani. Amezificha. Huyu ni mjanja.

— Na zako umezificha wapi? akauliza Kulusum. Zitoe, kuna watoto watano wana njaa.

Mimi nami nilikuwa na hoja yangu, na msinicheke. Nilisema maziwa yameharibika kwa ajili ya gereji yetu. Kwamba injini ya dizeli inatetemesha ardhi, ardhi inatetemesha kibanda, na maziwa yanageuka siagi ndani ya sungura. Nikatoa mfano wa kibuyu cha maziwa cha Wahima kinavyotikiswa. Kwa dakika mbili hivi nilikuwa nimeshinda. Kisha Redio akarudi na lake, na hilo ndilo lililovunja baraza.

— Anauza, alisema kwa sauti ya chini.

— Nani?

— Sungura. Anafanya magendo. Maziwa yamepotea mjini, sivyo? Sasa mtazameni paka wa Kulusum. Kanenepea wapi?

Tukamtazama paka. Paka akatutazama. Wallahi alikuwa mnene.

— Kunyweni kahawa yenu muende, alisema Kulusum. Nimewaomba hukumu, mnanitukania paka.

Ndani ya nyumba mtoto mchanga alikuwa akilia. Alikuwa amelia tangu mchana, kile kilio cha kuchoka, kinakoma kidogo kinaanza tena. Kulusum alikuwa na watoto wawili wa kike mle ndani kwa muda wa wiki tatu: Lakot, wa miaka mitano hivi, aliyekaa nyuma ya pazia akituchungulia kwa jicho moja, na huyo mchanga, Alal. Kulusum alituambia ni wajukuu wa dada yake wa Bombo. Majina hayo si ya Bombo kwa Wanubi, ni ya kaskazini. Kila mtu kijiweni alilijua hilo, na mwaka ule mtu mwenye adabu hakuuliza. Lakini midomo yetu, Mungu atusamehe, ilikuwa haina adabu.

— Wamama wa siku hizi wote hivyo hivyo, alisema Redio. Sungura kajifunza kwa watu. Hao wawili wa ndani, mama yao yuko wapi? Yuko Nairobi anakula raha na bwana.

— Njo vile, alisema Daktari. Amezaa, ametupa. Sawasawa na huyu. Mama ya namna hiyo miye singempa hata kaburi.

— Nyamazeni, alisema Kulusum.

— Tunasema ukweli, Mama Kulusum.

— Nimesema mnyamaze!

Hatukumwona aliyefika. Alikuwa Mama Majani, yule mwanamke mwembamba aliyemletea Kulusum majani ya sungura kila jioni, mzigo kichwani, kitambaa kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Kwa wiki tatu alikuwa akipita mbele yetu, anasema "jioni wazee," anaingia uani na mzigo, baada ya muda mfupi anatoka mikono mitupu anaenda zake. Mimi sikuwahi kumwona uso wote. Siku hiyo aliutupa mzigo chini, katikati yetu, vumbi likaruka mpaka kwenye vikombe.

— Nani ametupa? aliuliza.

— Tunasema sungura, alisema Breki haraka.

— Nimesikia mnasema nani. Nauliza, nani ametupa?

Ulimi wake ulikuwa wa kaskazini, na kutoka kaskazini mwaka ule ilikuwa kesi tosha ya kukamatwa. Hata hivyo hakuishusha sauti. Akafikicha mikono kwa majani, akafungua kibanda, akatia mkono kwenye shimo la nyasi, akatoa kitoto kimoja, akakiweka chali kiganjani. Akamwekea Daktari chini ya pua.

— Wewe unaitwa Daktari. Tazama tumbo.

Daktari akatazama. Tumbo lilikuwa la mviringo, limejaa, na chini ya ile ngozi nyembamba ukiangalia vizuri unaona weupe.

— Hiyo nyeupe ni nini?

— Ni... maziwa? alisema Daktari.

— Maziwa ya nani? Ya paka? Ya dume?

Redio aliinama akafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

— Baba yangu alifuga sungura, alisema yule mwanamke. Nimelala nao chumba kimoja tangu nikiwa mdogo kuliko huyo anayechungulia pazia. Sungura ananyonyesha mara moja kwa siku. Mara moja! Alfajiri kabla hamjaamka, au jioni kiza kikianza. Anaruka anasimama juu yao, wao wanalala chali wananyonya, dakika tatu, nne, amemaliza, anaondoka. Maziwa yake mazito, yanawatosha mpaka kesho. Hayo manyoya si chakula. Ni yeye mwenyewe amejinyonyoa ngozi ya tumbo ili wasipate baridi akiwa hayupo.

— Lakini kwa nini asikae nao? aliuliza Breki, na safari hii aliuliza kweli. Mama si anakaa na watoto?

— Kwa sababu yeye ndiye anayewindwa.

Alikirudisha kile kitoto taratibu, akakifunika kwa manyoya na nyasi, na alipoendelea alikuwa bado ametugeuzia mgongo.

— Kicheche hafuati watoto, watoto hawajawa hata na harufu. Anafuata mama. Mama akikaa pale, akiwakumbatia anavyotaka, amemwonyesha kicheche mlango. Kwa hiyo anakaa mbali. Maziwa yanamjaa, yanamuuma, na anakaa mbali. Mnadhani hataki? Mnadhani hasikii wakilia? Na nyinyi wanaume wanne mmekaa hapa siku mbili mnamtumbulia macho. Atakuja vipi? Aje mbele ya macho yenu? Mngekaa siku tano mngewaua wote, kisha mngesema ni yeye.

Sauti ilimkatika hapo. Akaubeba mzigo wake, akampita Kulusum mlangoni bila neno, akaingia ndani.

Tukakaa. Nilikuwa na kahawa mdomoni na sikujua kama niimeze. Kisha Alal, aliyekuwa akilia tangu mchana, alinyamaza ghafla. Hata hakushusha sauti kidogo kidogo, alinyamaza moja kwa moja, na tukasikia kile kisauti cha mtoto anayenyonya kwa pupa akipumua kwa pua.

Daktari akavua kofia yake akaiweka magotini.

— Miye ni mjinga, alisema. Mjinga kabisa.

— Nyamaza uwe mjinga kimya, alisema Kulusum, na macho yalikuwa yamemjaa machozi. Anaitwa Concy. Tulikaa nyumba jirani, laini za polisi, zile nyumba za askari, marehemu wangu akiwa hai. Mume wake ni Ojara, sajini. Watu wa usalama walimchukua mwezi wa pili. Wenzake wote walikaa kimya. Huyu msichana alikwenda getini kwao, mchana, na mtoto mgongoni, akauliza mume wangu yuko wapi. Akaenda tena. Mara ya tatu wakaandika jina lake. Sasa wanamtafuta yeye. Analala leo hapa, kesho pale, na majani anayakata bondeni.

Ndipo ile Pijo nyeupe ikaingia barabarani.

Wote mnajua gari la namna ile, la hao watu wa usalama. Lilikuja polepole, likasimama mbele ya gereji, akashuka mtu mmoja, dereva akabaki. Suruali pana miguuni, viatu vya kisigino kirefu, miwani myeusi na jua limeshapungua. Akatembea mpaka kwenye kiti chetu, akakaa katikati, juu ya springi. Akaruka. Tusingecheka kwa dhahabu yote ya dunia. Akakaa tena kwa uangalifu.

— Kahawa, alisema.

Kulusum akamimina. Mimi nikaweka mikono chini ya mapaja.

— Hapa iko toto mbili, alisema yule mtu, Kiswahili cha kambini. Mama yao nakuja saa ngapi?

Hatua nane nyuma ya ukuta wa udongo, Alal alikuwa bado ananyonya.

— Wewe, aliniambia. Saa ngapi?

— Sijui, afande.

— Wewe?

— Sijui, alisema Breki. Mimi ni mtu wa njiani.

— Wewe wa kofia?

Daktari, aliyejua dawa ya kila kitu toka kifafa mpaka mapenzi, alitikisa kichwa.

— Haiko kitu najua, afande.

— Na wewe?

Nilimwogopea Redio. Redio alikuwa hajawahi kuwa na habari akabaki nayo. Akalamba midomo, akamtazama yule mtu kwenye miwani, akasema:

— Sijui.

Yule mtu akacheka.

— Wazee wanne nakaa hapa kila siku, mdomo kama cherehani, hakuna mtu najua kitu?

— Niulize mimi, alisema Kulusum. Watoto ni wangu. Mama yao ni mimi.

— Wewe mzee?

— Ndiyo, mimi.

— Wewe nanyonyesha?

— Umeniona lini nisinyonyeshe?

Akainuka. Akapiga hatua kwenda mlangoni, na Kulusum akasimama palepale kwenye kizingiti, birika la moto mkononi, kichwa chake kinafika kwenye kifungo cha pili cha shati la yule mtu.

— Ingia, alisema. Lakini wana surua, wote wawili, imewatoka mwili mzima. Wewe ulishaugua surua? Kwa mwanamume mkubwa inashuka chini. Muulize Daktari.

— Inashuka, alisema Daktari. Inaharibu kabisa.

Yule mtu akasimama. Akamtazama Daktari, akatazama pazia. Dereva akapiga honi mara mbili. Akarudi nyuma hatua moja.

— Kesho nakuja asubuhi, alisema. Nakaa hapa hapa. Nakaa mpaka naona yeye.

— Karibu sana, alisema Kulusum. Kiti kipo.

Gari lilipopinda kona, tukaingia ndani wote bila kubisha hodi. Concy hakuwapo. Alikuwa ametoka kwa mabati ya nyuma, na Alal amelala kwenye mkeka, maziwa yakimtiririka shavuni. Lakot alikuwa amemshikilia mkono, ametukazia macho.

— Akikaa pale kesho, mama hawezi kuja, nikasema. Kesho kutwa vilevile. Huyu mtoto atakunywa nini?

— Naenda Kasese alfajiri, alisema Breki. Nafuata chumvi. Magunia matupu yako nyuma, watu watatu wanaenea.

— Kuna vizuizi sita njiani.

— Najua viko sita, Spana. Mimi ndiye napita.

— Dada yangu Nabintu anauza vitenge Kasindi, ng'ambo ya mpaka, alisema Daktari. Nitaandika barua. Atabapokea sawa batoto bake.

Redio alikwenda kwenye kibanda chake, akarudi na ile redio ndogo ya mfukoni aliyoipenda kuliko mke, akaiweka kwenye mkono wa Breki, kwa ajili ya mkubwa wa kizuizi kitakachokuwa kigumu. Mimi nililala chini ya lori mpaka nikamaliza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue Mumbere, gari lake likawa na breki. Kulusum akajua pa kumpata Concy, watoto wakafichwa chini ya magunia usiku uleule, na Concy akapandia Busega, nje kidogo ya mji, alfajiri, akiwa na mzigo wa majani kichwani.

Asubuhi yule mtu alikuja kama alivyosema. Akakaa. Na sisi tukakaa naye, tuliobaki watatu, tangu asubuhi badala ya saa tisa, kazi zikalala. Tungebaki nyumbani angejua tunaogopa. Tuliogopa, lakini hilo lilikuwa letu. Kila asubuhi Kulusum alitoka na beseni, akaanika kigauni cha Lakot na nepi za Alal kwenye kamba mbele ya macho yake, vinadondoka maji. Vilikuwa safi tangu juzi yake. Alivilowesha tu. Wana hali gani? aliuliza yule mtu. Surua inapevuka, alisema Kulusum, usisogee. Mchana aliupeleka uji wa watoto mle ndani, sufuria nzima, akaula mwenyewe. Tukazungumza mpira. Tukazungumza mvua. Kuhusu sungura hatukusema neno, na hakuna aliyesimama mbele ya kile kibanda tena. Vitoto vilianza kuota manyoya.

Siku ya nne, kama saa kumi jioni, lori liliingia. Lilisimama mahali dereva alipotaka lisimame, jambo ambalo mtaa ulitoka kutazama. Breki akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, akaja akakaa kwenye ncha ya kiti, bega kwa bega na yule mtu.

— Mumbere, alisema Kulusum. Kasese kuna nini?

— Chumvi iko, alisema Breki. Nimeshusha mzigo wote salama. Na wewe Daktari, dada yako anakusalimu. Anasema nyumba imejaa kelele, hapati usingizi.

Daktari alivuta kofia machoni. Redio alianza kukohoa, akakohoa mpaka nikampiga mgongoni, na nilimpiga kwa furaha nikamwumiza. Yule mtu alikuwa hana habari na chumvi wala na dada ya mtu. Alikuwa amechoka. Siku nne juu ya zile springi si mchezo, na mlango aliokuwa akiutazama ulikuwa umekataa kumpa kitu. Akaupiga ngumi mgongo wa kiti.

— Mama gani huyu? alifoka. Siku nne! Siku nne haji kuona toto yake! Hii ni mama gani?

Kulusum alikuwa anamimina. Akamaliza kikombe, akaliweka birika chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

— Na wewe, mwanangu, alisema. Mama yako yupo?

— Nini?

— Nauliza tu. Mama yako yu hai?

— Yuko.

— Anajua unashinda hapa siku nne, unamvizia mama wa watu aje kunyonyesha?

Yule mtu akavua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya shati, na ndipo nilipomwona macho kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kuona kitu cha kutisha. Alikuwa kijana tu, hajafika hata ishirini na tano, ana usingizi.

— Anajua? alisema Kulusum.

Yule mtu akavaa miwani, akainuka, akaenda kwenye gari lake, na kahawa yake ikabaki imejaa.

Tulijua wanaweza kuja kutubeba, yeye au wenzake. Redio alimpeleka mke wake kwa shemeji, Daktari alitoa nguo za watu kabla hazijashonwa vizuri ili asife na deni la kazi, mimi nilivaa soksi jozi mbili kwa ajili ya baridi ya selo. Kesho yake saa tisa tulikuwa kwenye kiti, wote wanne, kila mtu mahali pake, na Kulusum alilifunga pazia juu, akauacha mlango wazi kabisa: ndani hapakuwa tena na mtu wa kumficha.